Hoki ya barafu kwenye inchi za joto: namna gani barafu haiyeyuki?

Mutu akisikia kwamba kule Nairobi kuna timu inayocheza hoki kwenye barafu, kwanza anacheka. Barafu ambayo wakaaji wa Fungurume wanaijua ni ile ya frigo, ukiiacha inje dakika chache imeisha. Lakini timu hiyo iko kweli. Inaitwa Kenya Ice Lions, yaani simba wa barafu.

Kinacholinda barafu si hali ya hewa, ni mashini. Chini ya sakafu ya simenti wanapitisha mabomba mengi, karibu-karibu. Ndani munapita maji ya chumvi yaliyopozwa hadi chini ya zero. Hayagandi juu ya ile chumvi. Simenti ikishapata baridi, wanamwaga maji juu yake kidogo-kidogo, tabaka kwa tabaka, mpaka barafu inafika sentimetre tatu hivi. Mashini yenyewe ni ndugu ya frigo ya nyumbani: inatoa joto ndani na kulitupa inje. Njo maana inakula umeme usiku na muchana, hata kama hakuna mutu anayecheza. Umeme ukikatika kwa muda murefu, uwanja unakuwa ziwa.

Uwanjani kila timu inaingiza watu sita, golikipa akiwemo. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, na kwa fimbo wanasukuma kisahani kigumu cha kaucho, uzito wake karibu gramu 160. Mechi ni dakika 60, vipindi vitatu.

Uwanja wa Nairobi uko ndani ya hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa. Ulifunguliwa mwaka 2005 ili watu wajifurahishe, na ni mudogo kuliko vipimo vya kimataifa. Wageni kutoka Canada na Marekani njo walianza kucheza hoki pale; vijana Wakenya wakajiunga, wengi wao wakitoka kwenye patini za magurudumu.

Shida kubwa ikawa mupinzani. Timu moja tu inchi nzima, itacheza na nani? Walikuwa wanajigawanya wao kwa wao. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa Tim Hortons ikawapeleka Canada, na huko mastaa wawili, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi yao na kucheza pamoja nao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Afrika Kusini iko humo tangu 1937.

Sifa ni nzuri, ila timu yote inasimama juu ya barafu ya hoteli moja. Kule Florida, kusini mwa Marekani, joto pia ni kali, lakini timu ya Everblades imebeba kombe la ligi ndogo ya ECHL mara tatu mufululizo: 2022, 2023 na 2024. Wao wako na viwanja, wako na wapinzani, wako na umeme.

Kwa Fungurume hesabu ni ile ile. Joto si kizuizi. Mwezi wa sita asubuhi baridi inauma hata hapa. Kizuizi ni umeme: migodi ya shaba na kobalti inakula mwingi, na mitaani delestaje imekuwa jambo la kawaida. Kijana mwenye hamu anaweza kuanza pale wale Wakenya walianzia: patini za magurudumu, fimbo, na sakafu ya simenti iliyo sawa. Hapo hata SNEL ikikata, muchezo unaendelea mpaka jua linatua.