Damu Iliyorejea Baada ya Hedhi Kukoma

Leo tunaingia katika jambo ambalo akina mama hunong'onezana, wakawaficha waume zao.

Tuchukue mfano wa mama wa hapa Butimba, mwenye miaka 54, aliyekaa mwaka na nusu pasi na kuona hedhi. Alfajiri moja anaona damu. Jirani anamtania kuwa ujana umerudi, naye anaiacha swala na kusubiri ikatike.

Kuhusu swala, amwulize mwanachuoni. Madhehebu ya Shafi, yaliyoenea kwetu, hayakuweka umri ambao hedhi haiwezekani tena, ila damu ipitayo siku 15 huingia katika istihadha. Bibi Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alipomwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu damu isiyokatika, alifahamishwa kuwa hiyo yatoka katika mshipa, si hedhi. Lakini faqihi akiiita hedhi au istihadha, daktari ana swali lake: yatoka wapi?

Kwa tabibu, damu yoyote baada ya miezi 12 ya ukavu, hata tone moja, ni ya kuchunguzwa. Katika kila wanawake kumi wa namna hii, takriban mmoja hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Waliobaki huwa na utando uliokonda, vinyama au sababu nyinginezo. Kwa macho hazitofautishiki.

Daktari huuliza tarehe na dawa zitumiwazo, kisha hutazama mlango wa kizazi, kwani saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Huhakikisha pia kuwa damu haitoki katika mkojo; kichocho tunakijua sisi watu wa Kanda ya Ziwa. Hufuata ultrasaundi: kwa aliyekoma hedhi, utando usiozidi milimita 4 hutuliza moyo. Ukizidi, au damu ikirudi, huchukuliwa kinyama kikapimwe maabara.

Ambaye hedhi yake haijakoma bali imevurugika hupimwa kwanza ujauzito (msicheke, hutokea!) na wingi wa damu mwilini.

Haya ya kuvuliwa nguo tunaielewa. Sheria imeruhusu kwa dharura, na mama ana haki ya kuomba daktari wa kike. Aanzie Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana, hapa hapa Butimba. Ikilazimu rufaa, zipo Sekou Toure na Bugando. Nauli aitoe mume, wiki hii.