Chetezo cha Kijapani chenye umbo la chungu cha Kichina

Sisi watu wa Pwani chetezo tunakijua. Kiwe cha udongo au cha shaba, kazi yake ni makaa na udi, basi. Lakini ukikutana na chetezo cha Kijapani cha karne ya 19, chenye miguu mitatu, mashikio mawili yaliyosimama wima na uso wa mnyama aliyetumbua macho ubavuni, ujue umbo hilo lilianzia jikoni. Tena jiko lenyewe lilikuwa la kuwapikia wafu.

Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, enzi za nasaba ya Shang huko Uchina, chungu cha namna hiyo kiliitwa ding. Ndani yake ilipikwa nyama ya sadaka kwa koma za mababu. Kilisubiwa kwa shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati, na mara nyingi risasi kidogo. Mchanganyiko huo ndio bronzi. Vingine vilikuwa vikubwa ajabu. Kile kilichofukuliwa Anyang mwaka wa 1939 kina uzito wa zaidi ya kilo 800. Pamoja na ding kulikuwa na gu, kikombe kirefu chembamba chenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta, cha kutilia pombe ya tambiko. Ule uso wa mnyama huitwa taotie, jina lililobandikwa na watu wa baadaye sana, na wataalamu hadi leo wanabishana ulimaanisha nini.

Sasa vilifikaje Japani vikiwa vyombo vya pambo? Njia ilipitia Uchina yenyewe. Wakati wa nasaba ya Song, kati ya 960 na 1279, wasomi wa Kichina walishikwa na mapenzi ya vitu vya kale. Mfalme Huizong aliagiza orodha yenye michoro ya vyombo vyake, na mafundi wakaanza kuviiga. Kilichokuwa chungu kikawa chetezo, na kikombe cha pombe kikatiwa maua. Vyombo hivyo vikavuka bahari pamoja na watawa wa Kibudha na wafanyabiashara, na Wajapani wakaviweka mahali pa heshima sebuleni. Kwa hiyo fundi wa Kijapani mara nyingi alikuwa anaiga kitu ambacho tayari kilikuwa kimeigwa.

Hapo ndipo watu husema kwamba Wajapani walinakili tu. Mimi sikubali. Kwanza, hata namna ya kusubu ilikuwa tofauti. Fundi wa Shang alifinyanga kielelezo cha udongo, akakizungushia udongo mwingine, akaukata vipande vipande na kuvipanga tena kuwa kalibu. Ndiyo maana chombo cha kale huonyesha alama pale vipande vilipokutana. Fundi wa Japani mara nyingi alichonga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma hadi nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina bronzi katika nafasi iliyobaki. Nta humruhusu mkono kucheza: dragoni akajipinda mahali ambapo Mchina wa kale angeweka mstari mnyoofu.

Pili, kulikuwa na tumbo la kulishwa. Mwaka wa 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku watu wengi kubeba panga hadharani. Mafundi waliokuwa wakipamba panga kwa dhahabu na fedha wakajikuta hawana mteja. Wengi waligeukia vyombo vya maua na vyetezo vya kuuzwa Ulaya na Marekani, baada ya kazi za Japani kupendwa kwenye maonyesho ya Vienna mwaka wa 1873. Mji wa Takaoka, ulioletewa mafundi saba wa kusubu mwaka wa 1611, unaishi kwa kazi hiyo mpaka sasa.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, fundi wengi walitia sahihi kwenye kitako. Mlaghai hatii jina lake. Ulaghai huja baadaye, pale mchuuzi anapoikwangua sahihi, akaongeza kutu ya kijani na kukuambia ni chombo cha Shang. Ukionyeshwa kitu kama hicho, kigeuze kwanza utazame chini.

Na tusijione tuko mbali na mambo haya. Nenda Mambrui ukatazame kaburi la nguzo: mabakuli ya Kichina, yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, wazee wetu waliyajengea kwenye kaburi. Japani ilichukua chombo cha wafu ikakiweka sebuleni; sisi tulichukua chombo cha sebuleni tukawapa wafu. Na hakuna anayesema kwamba kaburi la Mambrui ni la Kichina.