DAWA YA KUPAKA: JE, NI YA JUU TU?

Leo nazungumza nawe mama, na nawe nyanya, shangazi au yaya unayelea mtoto, kuhusu dawa za kupaka.

Wengi wetu huogopa dawa ya kumeza, lakini ya kupaka tunaiona kama mafuta tu. Mtoto akitokwa na upele sehemu ya nepi, tunachukua krimu ya baba au ya jirani na kumpaka. Tunasema, "Ni ya juu tu." Je, ni kweli?

Ngozi ni kama ukuta. Tabaka la nje kabisa lina chembe zilizokufa, zimepangwa kama matofali, na kati yake mna mafuta badala ya simiti. Sehemu nyingi za mwili tabaka hilo ni jembamba kuliko karatasi, lakini ndilo huzuia vitu vingi visipite.

Wataalamu hupimaje dawa inayopita? Katika maabara, huchukua kipande cha ngozi kilichobaki baada ya upasuaji, mwenyewe akiwa amekubali. Hukibana kati ya sehemu mbili za chombo cha kioo. Juu hupaka dawa. Chini huweka maji maalum yenye joto kama la mwili. Kila baada ya muda huchota maji kidogo na kuyapima kwa mashine, waone dawa iliyopenya ni kiasi gani.

Watu pia wamepimwa. Mwaka 1967 huko Marekani, Feldmann na Maibach waliwapaka wanaume dawa iitwayo haidrokotisoni sehemu mbalimbali za mwili, kisha wakapima iliyotoka kwenye mkojo. Ilipopakwa mkononi, chini ya kiwiko, iliingia kama asilimia 1 tu. Kwenye paji la uso iliingia mara 6 zaidi ya hapo. Kwenye taya, mara 13. Kwenye ngozi ya korodani, mara 42!

Sasa fikiria pale unapofunga nepi. Nepi hutia joto na unyevu, na ngozi iliyolowa au kuchubuka hupitisha dawa zaidi. Tena, ukilinganisha na uzito wake, mtoto mchanga ana eneo la ngozi zaidi ya mara 2 ya mtu mzima. Dawa ile ile kwake ni nyingi.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1972 huko Ufaransa, poda ya watoto ilichanganywa kimakosa na dawa nyingi ya kuua vijidudu, heksaklorofini. Ilipita kwenye ngozi na watoto 36 wakafa. Nazo krimu kali za steroidi, zikipakwa kwa muda mrefu, hufanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba, uso kuvimba na ukuaji kudorora.

Basi mama, shika haya:

1. Usimpake mtoto dawa ya mtu mwingine, wala krimu ya kung'arisha ngozi.
2. Kwa upele wa nepi, badilisha nepi mara kwa mara, osha kwa maji, kausha taratibu, mwache akae wazi kidogo, kisha mpake mafuta mazito ya kulinda ngozi.
3. Ukipewa dawa kliniki, uliza: nipake wapi, kiasi gani, siku ngapi? Usiifunike kwa nepi ya plastiki bila kuambiwa.
4. Upele usipopungua kwa siku 3, au ukitoa usaha, au mtoto akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya.
5. Kama umempaka krimu kali kwa wiki nyingi, usiikatize ghafla. Ibebe pamoja na kadi ya kliniki umwonyeshe muuguzi au daktari.

Ngozi ya mtoto ni mlango. Jua unachopitisha.