Malkia Astrid, binti wa Uswidi

Katika Rwanda kuna mji uitwao Huye. Zamani uliitwa Butare, na kabla ya Butare, mpaka mwaka 1962, jina lake lilikuwa Astrida. Wasafiri wa Bukavu walivuka mto Rusizi, wakapita msitu wa Nyungwe, wakafika Astrida. Huko Mabruda wa Mapendo walifungua shule kubwa mwaka 1929. Vijana wa Rwanda na wa Burundi walisomea kazi ya uganga, kazi ya kutunza mifugo na kazi ya ofisi. Walilitaja jina la mji ule kila siku. Lakini Astrida ni nani? Lilikuwa jina la mwanamke kijana aliyetoka nchi ya theluji. Wenyeji hawakuulizwa, wakati wa wakoloni miji ilipewa majina hivyo.

Astrid alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 17 Novemba 1905. Baba yake, Carl, alikuwa ndugu wa mfalme Gustaf wa Tano. Mama yake, Ingeborg, alitoka Denmarki, naye alikuwa binti wa mfalme. Basi Astrid alilelewa na mama aliyeacha kwao kwa ajili ya ndoa. Walizaliwa wanne: Margaretha, Märtha, Astrid, na kitinda mimba Carl. Wazazi hawakutaka mabinti wao wakae bure na kutumikiwa tu. Walijifunza kupika, kushona na kulea watoto wachanga. Watu waliomjua Astrid husema alikuwa mwenye haya, na mcheshi kwa watoto.

Katika Ubelgiji alikuwako Leopold, mwana wa mfalme Albert wa Kwanza. Wakapendana, wakachumbiana mwaka 1926. Lakini palikuwa na shida mbili. Astrid alikuwa Mprotestanti wa Kilutheri, na jamaa ya Leopold ni Wakatoliki. Tena hakujua vizuri lugha za nchi. Ubelgiji ina watu wa kaskazini wasemao Kiflama, na watu wa kusini wasemao Kifaransa, nao hugombana juu ya lugha. Mgeni akisema lugha ya hawa, wale hununa. Ilimpasa Astrid ajifunze zote mbili.

Ndoa ya serikali ilifungwa Stockholm tarehe 4 Novemba 1926. Kisha Astrid akapanda manowari ya Uswidi, jina lake Fylgia, na tarehe 8 akafika bandari ya Antwerpen. Watu wengi sana walikuwa wakingoja. Leopold alipanda ngazi ya meli kwenda kumpokea, na Astrid akambusu mbele ya umati wote. Wabelgiji hawakuzoea kuona jambo la namna hii kwa watu wa kifalme. Wakashangaa, halafu wakashangilia. Tangu siku ile walimhesabu kuwa wao. Ndoa ya kanisani ikafuata Brussels tarehe 10.

Mama mkwe wake, malkia Elisabeth, alimwelewa vizuri. Yeye naye alikuwa mgeni: alizaliwa Bavaria, katika nchi ya Wadachi. Mwaka 1914 Wadachi waliposhambulia Ubelgiji, Elisabeth alibaki upande wa mumewe, akawatembelea majeruhi hospitalini, na huku jamaa zake walikuwa upande wa adui. Mtu aliyepita katika jaribu kama hilo hahitaji kuelezwa maana ya ugeni.

Mtoto wa kwanza wa Astrid, Joséphine-Charlotte, alizaliwa mwaka 1927. Baudouin akafuata mwezi wa Septemba 1930, na Albert mwezi wa Juni 1934. Mwaka 1930, mwezi mmoja kabla ya kumzaa Baudouin, Astrid aliingia katika Kanisa Katoliki. Alikuwa ameolewa karibu miaka minne. Hakufanya haraka ili kupendeza watu.

Mwishoni mwa mwaka 1932 alikuja Kongo pamoja na mumewe, wakazunguka nchi mpaka mwaka 1933. Lakini safari ya wakubwa ni hivi: njia hufagiliwa kabla hawajapita. Miaka ile bei ya shaba ilikuwa imeanguka, wafanyakazi wengi wa migodi ya Katanga walikuwa wamerudishwa makwao, na kodi ililipwa vilevile.

Mwezi wa Februari 1934 mfalme Albert alianguka kutoka kwenye mwamba aliokuwa akipanda, akafa. Leopold akawa mfalme, na Astrid malkia. Wakati huo watu wengi wa Ubelgiji hawakuwa na kazi, na baridi ilikuwa kali. Mwanzoni mwa mwaka 1935 malkia aliwaomba wenye mali watoe nguo, chakula na fedha kwa ajili ya maskini. Vifurushi vikamiminika.

Mwezi wa Agosti mwaka ule walikwenda kupumzika Uswisi. Asubuhi ya tarehe 29, Leopold mwenyewe aliendesha motokari kando ya ziwa, karibu na Küssnacht. Dereva alikaa nyuma. Astrid alikuwa na ramani mkononi. Inasemwa kwamba alimwonyesha mumewe kitu, naye mfalme akageuza macho kidogo. Motokari ikaacha barabara, ikashuka mteremko, ikagonga mti. Astrid akatupwa nje, akafa palepale. Alikuwa na umri wa miaka 29, na alikuwa malkia kwa miezi kumi na minane tu. Siku ya mazishi, tarehe 3 Septemba, Leopold alitembea nyuma ya jeneza, mkono wake umefungwa kitambaa. Walimzika Laeken. Posta ya Ubelgiji ikatoa stempu yenye sura yake na ukingo mweusi.

Watoto watatu walibaki bila mama. Mkubwa hakutimiza miaka minane. Mdogo alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Joséphine-Charlotte baadaye aliolewa Luxembourg, naye akawa mke wa mtawala wa nchi ngeni, kama mama yake na bibi yake Elisabeth. Albert alitawala Ubelgiji tangu mwaka 1993 mpaka 2013. Na Märtha, dada wa Astrid, aliolewa Norwei na Olav, mwana wa mfalme. Lakini alikufa mwaka 1954, kabla mumewe hajapata ufalme, asiwe malkia kamwe. Mwana wao Harald alirithi kiti mwaka 1991.

Baudouin alipata ufalme mwaka 1951, alipokuwa kijana wa miaka ishirini. Ndiye aliyesimama Léopoldville tarehe 30 Juni 1960, siku Kongo ilipopata uhuru. Miaka miwili baadaye Rwanda nayo ikajitawala, na jina la mama yake likaondolewa katika mji ule wa shule. Kule Küssnacht, mahali pa ajali, kuna kanisa dogo lililofunguliwa mwaka 1936, na wapitaji huingia.