Ufunguo wa Nne: Utajiri Mkubwa na Wajibu wa Kutenda Mema

Tunapohubiri Luka 12:48 wilayani Tarime au Serengeti, aghalabu tunamfikiria mwenye zizi kubwa la ng'ombe. Lakini mkoa wa Mara umekutana pia na utajiri wa kimo kingine, nao hauna budi kupimwa kwa neno lilo hilo.

Mwaka 2002 tajiri wa Marekani, Paul Tudor Jones, alipata haki ya kuendesha utalii na uhifadhi katika eneo la Grumeti, kiasi cha hekta 140,000 kando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ndiye aliyeanzisha, mwaka 1988, shirika la Robin Hood la kuwasaidia maskini wa New York. Kwa njia ya Mfuko wa Grumeti, askari wa wanyamapori wameajiriwa, wanafunzi wa vijiji jirani wamelipiwa masomo, na mwaka 2019 faru weusi 9 waliletwa kutoka Afrika Kusini. Hayo ni mema, na mhubiri asiyeyakiri hasemi kweli.

Hata hivyo, mema hayo yana gharama, nayo haiwaangukii wote sawasawa. Tangu mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yatangazwe mwaka 1994, jirani hana ruhusa ya kuchunga wala kuwinda humo apendavyo. Tena wanyama wakistawi, tembo huvuka mpaka na kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Katekisimo Ndogo, katika Amri ya Saba, yatuagiza tumsaidie jirani kuitunza mali yake. Shamba lile ni mali ya jirani.

Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, Ujerumani, uliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini, naye Luther akauandikia utaratibu wake utangulizi. Sanduku lilikuwa na kufuli nne: makabaila, halmashauri, wenyeji wa mji na wakulima walishika kila kundi ufunguo wake. Bila mkulima, sanduku halikufunguka.

Basi, wajibu wa tajiri hauishii katika kutoa; sharti pia akubali kushauriwa na wale wanaobeba gharama. Vijiji 5 vya Jumuiya ya Ikona vimeanza kushika ufunguo wa namna hiyo. Nasi wachungaji, tunaopokea michango ya ujenzi kwa furaha, tusikubali shukrani zetu zitufunge kinywa tusiulize: mkulima ameshika ufunguo gani?