Trekta la mtumba: Pima haidroliki kabla ya kulipa

MWEKEZAJI mdogo anayenunua trekta la mtumba ili alimie watu kwa malipo huvutiwa kwanza na injini. Ikiwaka na kunguruma vizuri, huona bei ni halali. Hata hivyo, hasara kubwa hujificha nyuma ya injini, katika giaboksi na haidroliki.

Mfano ni Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964. Pampu yake ya haidroliki imo ndani ya mwili wa trekta, na hutumia oili ileile inayolainisha giaboksi na difu. Uchafu wa upande mmoja hufika upande wa pili.

Mnunuzi aanze na oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji. Vumbi laini la chuma kwenye plagi ya kutolea oili si ajabu kwa trekta la umri huo, lakini vipande vya chuma ni dalili ya gia au beringi zilizokwisha.

Pili, afunge plau, ainyanyue, kisha azime injini. Asimruhusu mtu kusimama chini yake. Plau ikishuka upesi, oili inavuja ndani, kwenye silinda au valvu. Jaribio hilo lirudiwe baada ya trekta kufanya kazi nusu saa. Mikono inayonyanyua vizuri oili ikiwa baridi na kulegea ikipata moto huashiria pampu iliyochoka. Kuifikia pampu hiyo ni lazima kufungua mfuniko wa juu wenye mitambo ya kunyanyulia.

Si kila kasoro ni ya gharama. Pampu ya 135 huzungushwa na shafti ya PTO; wenzo wake ukiwa huru, mikono hainyanyuki kabisa. Oili pungufu au chujio lililoziba nalo hudhoofisha mikono. Mnunuzi anayeyajua haya anaweza kupata trekta zima kwa bei ya bovu.

Kwa upande wa gia, mkwaruzo wakati wa kuingiza gia trekta likiwa limesimama unaweza kuwa ni klachi inayohitaji kurekebishwa tu. Gia inayochomoka yenyewe trekta likivuta mzigo ni jambo jingine: giaboksi itafunguliwa.

Hesabu ya mwisho isiishie kwenye spea na fundi. Tuseme trekta hulima ekari 5 kwa siku. Likilala siku 10 katikati ya msimu, ekari 50 zimekwenda kwa mwingine, na mvua haimsubiri fundi.

Kwa hiyo, kila kasoro iandikwe na makadirio ya fundi yatolewe kwenye bei kabla ya kupeana mikono. Muuzaji anayekataa trekta lake lisijaribiwe kwa mzigo anauza mbuzi kwenye gunia.