Mazoea na Maumbile: Maelezo juu ya Wanyama Waishio Penye Hewa Nyembamba

Katika maandishi ya elimu ya viumbe kwa Kiswahili, neno kuzoea hutwikwa mambo mawili yasiyo na asili moja. Husemwa kwamba mpanda mlima aliyekaa siku kadha wa kadha juu ya Kilimanjaro amezoea hewa ya huko. Na husemwa vile vile kwamba tumbusi arukaye juu ya mawingu ameizoea. La kwanza ni kweli. La pili si kweli, na kosa lake si la msamiati tu, maana humpotosha mwanafunzi katika jambo lenyewe.

Yafaa kuanza na hewa. Mtaa wa Chumbageni, katika mji wa Tanga, u karibu na usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro ki mita 5,895 juu yake. Mahali pote pawili oksijeni ni sehemu 21 hivi katika kila sehemu 100 za hewa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kileleni ni kama nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo msemo "hewa nyembamba" ni msemo mzuri: hausemi kwamba oksijeni imeondolewa, bali kwamba hewa yote imepungua, na kila pumzi huleta kidogo.

Mtu wa Chumbageni akipanda huko, kwanza huhema upesi na moyo wake hupiga mbio. Kisha figo zake hutoa homoni iuamrishayo uboho kufanya chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Haya ndiyo mazoea: huja kwa siku na majuma, huondoka arudipo pwani, wala mwanawe hayarithi. Tena yana hasara yake, kwani damu ikizidi kuwa nzito moyo huisukuma kwa shida. Wahenga waliosema kuwa mazoea yana taabu hawakuwa na habari ya damu, lakini hapa neno lao limeangukia mahali pake.

Wala kufika si kuishi. Mnamo mwaka 1926 Richard Reusch alikuta mzoga wa chui karibu na ukingo wa shimo la Kibo. Chui yule alithibitisha kwamba mnyama aweza kupanda hata penye theluji. Hakuthibitisha kwamba aliumbika kwa mahali pale.

Tumbusi wa Rüppell, ambaye hutaga katika majabali ya milima ya Gol karibu na Serengeti, ni habari nyingine. Tarehe 29 Novemba 1973 ndege mmoja wa aina hii aligongana na eropleni juu ya Abidjan, kiasi cha mita 11,300 kutoka usawa wa bahari. Mabingwa walioichunguza damu ya tumbusi hawa walikuta himoglobini za aina nne, zisizolingana katika nguvu ya kukamata oksijeni. Hizo hakuzipata kwa kuruka. Hurithiwa katika jeni. Kadhalika bata bukini avukaye milima ya Himalaya: katika himoglobini yake asidi amino moja imeshika mahali pa nyingine, na hilo huiongezea nguvu ya kuishika oksijeni.

Lakini isidhaniwe kwamba njia ni moja. Gelada, nyani wa nyanda za juu za Ethiopia, huishi hata zaidi ya mita 4,000. Uchunguzi wa jeni zake uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba himoglobini yake haikamati oksijeni kwa nguvu zaidi, wala damu yake haikuzidi uzito. Bali kifua chake ni kipana kuliko cha nyani wa nchi za chini.

Hapo latokea kosa la pili, nalo limo katika kiungo kidogo "ili". Kusema "tumbusi alibadilika ili aruke juu" ni kumpa ndege nia asiyokuwa nayo. Badiliko la jeni hutokea bila kukusudiwa. Waliozaliwa na lililofaa walisalia na kuzaa wengi zaidi, hata likaenea katika kizazi chao. Sentensi sahihi hudai "kwa kuwa", si "ili".

Basi yapasa waandishi wa vitabu vya shule waliweke neno mazoea kwa mwili wa mnyama mmoja, na maumbile ya kurithi kwa ukoo wake. Kipimo ni chepesi. Mpanda mlima akirudi Chumbageni, baada ya majuma machache damu yake itarejea ilivyokuwa. Lakini yai la tumbusi likianguliwa Chumbageni, kifaranga atakua na himoglobini zile zile nne, hata kama maisha yake yote hataruka juu kuliko minazi.